Matundu ya Mluzi

Kindu, Kasuku, nyuma ya wodi ya watoto

Mama yangu,

Pokea salamu za mwanao Amuri, mzima wa mwili, mchovu wa kukaa. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Mvua ya juzi iliingia jikoni tena, au kaka yangu, Yaya Salumu, amekwisha kupanda juu ya paa kama alivyoahidi tangu mwaka jana? Na yule jogoo anayewika mchana, bado yuko au mmemla? Mimi na Feza hatujambo. Feza ana meno sita na hasira za mtu mwenye meno thelathini.

Kabla sijaenda mbali, nina sharti. Barua hii aisome Zaina, jikoni, mlango umefungwa, wewe na yeye tu. Mwalimu mumwache apumzike. Barua iliyopita aliisoma barazani kwa sauti ya kufundishia darasa zima, na wiki haikuisha, mchimbaji mmoja kutoka kwetu Kalima akanikuta hapa sokoni, akanishika mkono kwa huruma na kuniuliza kama kuhara kwangu kumekatika. Kuhara ambako nilikuwa nimekuambia wewe peke yako. Ndiyo maana safari hii nimemwambia Amisi wa pikipiki aitie mkononi mwa Zaina, asimpe mwingine hata akiombwa kwa chai.

Zaina mke wangu, najua hapa sauti yako imeanza kushuka kwa sababu umesikia jina lako. Soma tu. Ukifika mahali pagumu usiruke. Na wewe Mama, akiruka utamjua, macho yake hutangulia mdomo.

Basi habari za huku. Mnajua ule mdomo wa juu wa Feza ulishonwa vizuri, Zaina mwenyewe aliuona kabla hujamwita arudi nyumbani. Kilichobaki ni kaakaa, ile dari ya ndani ya mdomo, ambayo bado ina ufa kutoka mbele mpaka nyuma. Mimi nilidhani ni kazi ya daktari mmoja mwenye kisu na uzi. Sivyo. Hapa mdomo wa mtoto mmoja una watu sita, na wao wanajiita ekipe, yaani timu moja. Yuko mtu wa mizani. Yuko mtu wa masikio. Yuko daktari wa meno, kijana wa hapahapa Kindu, mcheshi. Yuko daktari wa usingizi. Yuko Madamu Riziki, anayefundisha watoto kusema. Na juu yao yuko Mama Tabu, muuguzi mkuu, mama mnene mwenye kushika mafishi yote, yale makaratasi ya wagonjwa, kifuani kama mtu anayebeba mtoto wake. Kila Alhamisi wanakaa kwenye meza moja, Feza anawekwa katikati kama sahani ya ugali, na kila mmoja anaangalia upande wake.

Daktari wa kisu ni wa saba, naye anakaa katika mji mmoja wa mashariki na kuja kwa ndege. Lakini sheria yao ni hii: yeye hagusi mtoto mpaka hao wote wakubali. Mmoja akikataa, wote wamekataa. Nimeona kamati ya chifu, nimeona kamati ya mgodi, sijawahi kuona kamati ambayo mwenye kisu anangoja ruhusa ya mwenye mizani.

Wiki ya kwanza mtu wa mizani alisema, "Kilo haiyafika, Papa Feza. Ongeza uji, tia karanga na mafuta." Nikaongeza. Feza akanenepa. Alhamisi iliyofuata mtu wa masikio akasema, "Sikio iko natoka maji." Tukatia dawa, sikio likakauka. Daktari wa usingizi naye akasema, "Mutoto iko na kikohozi. Mutoto wa kikohozi mimi siwezi kumulalisha." Kikohozi kikaisha, wakati huo Feza alikuwa amekataa uji na kilo zimeshuka. Nikamuuliza Mama Tabu kama hawa watu wanapangiana zamu. Akacheka mpaka mafishi yakaanguka.

Nimekaa hivi miezi mitano, Mama. Nikitoka na Feza, kitanda kinachukuliwa na jina lake linashuka chini ya orodha. Na Madamu Riziki amesema kaakaa likichelewa kufungwa, ulimi unajizoesha njia mbaya, na kuurudisha ni kazi ya miaka. Basi siondoki. Naujua ukuta wa hospitali hii tofali kwa tofali. Nimesoma mabango yote, nimesoma masanduku yote ya dawa, hata upande wa Kifaransa, na sasa walinzi wa wagonjwa, ndugu wanaouguza kama mimi, wakiletewa karatasi wanakuja kuniuliza imeandikwa nini. Darasa la nne nililoachia njiani wakati wa vita nimelimalizia kwenye maboksi ya sirinji.

Kwenye safu ya majiko ya walinzi wa wagonjwa mimi ni mwanaume peke yangu. Wale mama wananitania nikitwanga majani ya muhogo. "Papa Feza, leo njo sombe unapika, ao unachemushia mbuzi majani?" Mimi nawajibu kwamba mbuzi wangu hajalalamika. Nimejifunza kufua nepi. Nimejifunza kumkalisha Feza wima na kumlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, maziwa yasipande puani. Na yeye, pamoja na kazi yote hiyo, ananiita "mama". Nilimlalamikia Madamu Riziki. Akanieleza kwamba kusema "baba" lazima pumzi ifungiwe mdomoni, na ya Feza inatorokea puani kupitia ule ufa, kwa hiyo neno "baba" linamtoka likiwa "mama". "Usikasirike," akasema, "anakuita wewe." Sikukasirika. Lakini Zaina, wanapocheka hapa uani mimi nakufikiria wewe, uliyekatazwa kumwona.

Halafu Alhamisi moja wote walikubali. Kilo ndiyo, sikio ndiyo, meno ndiyo, kifua ndiyo. Mama Tabu alipiga makofi peke yake. Nilirudi kitandani nikafunga mizigo nusu. Siku mbili baadaye akaja na simu mkononi, hakuingia, alisimama mlangoni.

"Papa Feza, kule mashariki kumewaka tena. Ndege haitoke. Barabara njo mbaya zaidi. Daktari amefungiwa kule."

"Kwa muda gani?"

"Ungeuliza wale wenye bunduki."

Nikafungua mizigo nusu. Tangu siku hiyo hakuna wa kusema hapana, na hakuna wa kukata. Wao wanakutana vilevile kila Alhamisi, wanampima, wanamsikiliza kifua, wanaandika. Nimeona watu wakifanya kazi bila mshahara, lakini kufanya kazi bila mwisho ni kitu kingine.

Sasa Mama, nafika kwenye jambo lenyewe. Zaina, usiruke.

Siku ya kwanza tulipofika hapa, Mama Tabu aliuliza kwenye fishi: je, kuna ndugu mwingine kwenye ukoo aliyezaliwa na mdomo wazi? Nilijibu, hakuna. Mtu wa mizani akauliza, nikajibu hakuna. Daktari wa usingizi, hakuna. Madamu Riziki, hakuna. Nilifikiri kila mmoja ana daftari lake. Sikujua kwamba hawa ni watu wa kuweka madaftari yao kwenye meza moja. Basi uongo wangu ukawa na mashahidi wanne wanaokutana kila wiki, na mimi nikawa naulinda kama mtu anayelala juu ya gunia la mwenziwe.

Alhamisi iliyopita Feza alikuwa analia pale mezani. Nikampigia mluzi, ule wa Baba, wa kupanda mara mbili na kushuka. Akanyamaza. Daktari wa meno akaweka kalamu chini.

"Papa Feza, piga tena."

Nikapiga tena, kwa maringo. Akaja karibu, akawasha tochi yake ndogo, akaniangalia mdomo wa chini.

"Hizi tundu mbili njo nini?"

"Njo za mluzi," nikamwambia. "Za ukoo wetu. Baba alikuwa nazo, Babu alikuwa nazo. Asiye nazo kwetu hajui kupiga mluzi."

Yeye ni mtu wa kucheka, hakucheka. Alimgeukia Feza, akashusha mdomo wake wa chini kwa kidole. Mama, wewe unajua alichoona. Matundu mawili, madogo, moja huku moja huku, kama yangu.

"Mama Tabu," akasema, "leta fishi ya huyu mutoto."

Akanieleza taratibu, na mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili nilikuwa namwangalia mdomo tu unavyotembea. Alisema yale matundu hayana uhusiano wowote na mluzi. Alisema matundu na ufa ni kitu kimoja. Vinatoka mahali pamoja, vinapita kwenye damu ya watu walewale. Mwenye matundu anaweza asiwe na ufa hata kidogo, kama mimi, kama Baba, akaishi na kuzeeka akijivuna nayo. Lakini mtoto wake anaweza kutoka na matundu tu, au na ufa, au na vyote viwili, au bila kitu. Kila mimba ni kama kurusha sarafu. Mama wa mtoto hakula kitu. Hakutazama kitu. Akaninyooshea kalamu: "Kama unatafuta mwenye kuleta, njo weye."

Zaina, hapo rudia. Soma tena mstari huo kwa sauti.

Mama, unakumbuka siku Feza alipozaliwa? Mimi nakumbuka. Ulimpokea, ukamgeuzia dirishani kama ulivyowafanyia watoto wote wa nyumba hii, ukamshusha mdomo wa chini. Ukasema, "Huyu ni wetu kabisa, ana matundu ya mluzi." Ukapiga vigelegele. Halafu ukaona mdomo wa juu, vigelegele vikakatika, ukasema, "Hii ameitoa kwa mama yake." Ndivyo ulivyogawa, na sisi wote tulikubali, na mimi wa kwanza nilinyamaza. Matundu tukayachukua sisi, ufa tukamwachia Zaina. Wakasema alikula nyama ya sungura mgodini. Wakasema aliruka kamba ya mbuzi. Na alipopata mimba hii ya pili ukamwita arudi, ukamkataza kumtazama mtoto wake mwenyewe, eti asije akamhamishia ufa huyu wa tumboni. Nimesikia pia, kwa walewale wanaosikia habari za kuhara kwangu, kwamba huyu wa pili akitoka hivyo, Zaina atafungiwa mizigo yake arudi kwa wazazi wake.

Sikukasirika nawe, Mama. Nisikilize kwanza.

Daktari wa meno aliniuliza tena, mbele ya wote, ile fishi ikiwa wazi. "Papa Feza, hakuna kweli mutoto mwengine?"

Na mimi niliona mvua.

Niliona ile mvua ya mchana, mwaka tuliokimbilia msituni, sisi na nusu ya kijiji, chini ya kibanda cha majani. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametangulia kutafuta chumvi, na tulikuwa tunangoja mluzi wake, kwa sababu wakati ule watu hawakuwa wanaitana kwa jina, kwa kuogopa kusikika. Mluzi wa kupanda mara mbili na kushuka maana yake ilikuwa: ni mimi, msikimbie. Ukajifungua kabla hajarudi. Walinituma maji. Niliporudi na maji ulikuwa umemfunika uso kwa pembe ya kitenge, na nilidhani ni kwa ajili ya mvua.

Lakini nilikuona ukimnyonyesha, Mama. Niliona maziwa yakitoka puani. Niliona unakamua kwenye jani na kumdondoshea, naye anakaukiwa pumzi. Siku sita. Watu wazima walinong'ona kwamba risasi zile zilizolia asubuhi ndizo zilizompasua mdomo tumboni, kwa sababu ulishtuka na kujishika uso. Uliwaamini. Tuliporudi kijijini ukasema alikufa kwa homa, na Baba akasema homa, na mimi nikasema homa. Hukuwahi kuniambia nisiseme. Niliona tu namna ulivyokuwa unalitamka hilo neno.

Nimekaa na hilo miaka yote hii. Na hapa, walipouliza kama yuko mwingine, niliposema hakuna, sikuwa nakulinda wewe tu. Nilikuwa nimezoea.

Basi niliwaambia. Nilisema yuko mmoja. Dada yangu. Nilisema siku sita, nilisema maziwa puani. Nilitegemea wanikaripie kwa kuwapotezea miezi mitano. Hakuna aliyenikaripia. Mtu wa mizani, yule anayenigombeza kwa gramu, alitoa miwani na kuifuta muda mrefu. Akasema mtoto wa namna ile hawezi kunyonya, hata mama awe na maziwa ya kulisha kijiji. Pumzi yake haina pa kushikia. Akasema, "Yule mama hakukosa kitu. Alikosa mutu wa kumuonyesha kijiko."

Mama, hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Si risasi. Si kushtuka kwako. Si kujishika uso. Yule mtoto alipasuka kwa kitu kilekile tulichokuwa tunakipigia vigelegele, kilichotoka kwa Baba, na Baba hakujua, na mimi sikujua mpaka niliposhikiwa tochi mdomoni. Zaina hana kosa. Na wewe hukuwa nalo.

Sasa ombi. Gari la yule mfanyabiashara wa Kivu linaloleta sabuni Kalima hurudi Kindu karibu kila wiki. Dereva namfahamu, nimemwomba amkalishe Zaina mbele, aende polepole kwenye mashimo. Naomba Zaina aje ajifungulie hapa, asafiri sasa, tumbo halijawa zito. Na naomba uje naye wewe. Akitoka mtoto mzima, utapiga vigelegele. Akitoka na matundu tu, utapiga vilevile, kama kawaida yako. Na akitoka na mdomo wazi, kijiko kiko tayari, Mama Tabu ameshanionyesha, watu sita wako umbali wa uwanja mmoja, na hakuna atakayefunga mizigo ya mtu.

Kama hutaki kusafiri, mguu ukikataa, mruhusu yeye. Lakini nikikuambia kweli, nataka uje. Feza hawezi kutoka, daktari hawezi kuingia, mimi nimekuwa kama kisiki cha hapa uani ambacho watu wanaanikia nguo. Atakayeweza kusogea ni ninyi.

Msalimie kaka yangu mkubwa, na mwambie paa halipandwi kwa maneno. Msalimie shangazi, dada yake Baba, na mchungulieni mdomo wa chini, nadhani naye anayo, anayaficha kwa kucheka na kiganja. Wasalimieni wazazi wa Zaina, na waambieni mkwe wao ana neno la kuwaomba msamaha, atakuja kulisema kwa mdomo. Mwalimu naye msalimieni, asinune.

Kitu kimoja kimebaki. Mama Tabu alikata lile "hakuna" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "dada". Halafu akaniangalia, kalamu imesimama. "Jina lake?"

Sikuwa nalo, Mama. Wakati ule watu hawakuwa wanaitana kwa jina, na baadaye jina lake likawa homa tu. Lakini siku sita ni nyingi, na wewe nakufahamu, huwezi kukaa na mtoto siku sita bila kumwita kitu. Mama Tabu ameiacha nafasi wazi. Ameweka nukta pale inapoanzia.

Zaina ana kalamu. Mwambie polepole, yeye aandike hapa chini, mrudishe karatasi hii kwa Amisi, au mje nayo.

Ni mimi, mwanao, mwenye matundu,

Amuri

Jina la dada yangu: ............................